Ukuta wa kupiga hesabu usiachiwe landilodi

Ukiishi ploti za Pipeline, Nairobi, hii unaijua: dirishani simu inashika vizuri, ukirudi kitandani mtandao unazingua. Mnara hauko mbali. Ni kuta za zege na ghorofa za jirani zinazomeza mawimbi.

Maabarani kuna dawa inayopikwa, inaitwa metasafesi. Ni bamba jembamba lenye vipande vidogo vingi, kila kimoja na swichi yake inayoendeshwa na programu. Mawimbi yakiligonga, kila kipande huyachelewesha kwa kipimo chake, nayo hurudi yakielekea unakotaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southeast, Nanjing, China, walichapisha wazo hilo mwaka 2014. Mwaka huo huo, Nader Engheta wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walionyesha kwamba wimbi likipita kwenye kitu kilichoundwa hivyo linaweza kutoka hesabu ikiwa imeshafanyika.

Hapo ndipo panaponibamba. Kipimo cha kila kipande ni namba. Wimbi likikigonga, linazidishwa. Mawimbi yakikutana hewani, yanajumlishana. Kuzidisha na kujumlisha ndiyo kazi inayokula umeme kwenye chipu za mitambo ya mtandao, na hapa ukuta unaifanya bila kugeuza wimbi kuwa sifuri na moja. Hiyo ni kompyuta ya analogi. Usahihi wake ni mdogo, tusidanganyane, kwa hivyo chipu haziendi popote.

Na si hadithi za vitabuni tu. Japani, kampuni za NTT Docomo na AGC zilijaribu mwaka 2020 bamba linaloona kama kioo cha dirisha, kwa mawimbi ya gigahezi 28.

Sasa shida yangu. Kuna ploti hapa Nairobi ambako huwezi kuvuta intaneti ya kampuni unayoitaka, keateka anakwambia, "Hapa ni hii tu." Leo anakuzuilia waya. Bamba likishapigiliwa ukutani, atakuzuilia hadi hewa, kwa sababu bamba lililosetiwa kwa kampuni moja hugusa pia mawimbi ya kampuni zenye masafa ya karibu, na kuyarusha ovyo.

Najua wengine watasema naota, 5G yenyewe haijafika kwao. Sawa. Lakini Mamlaka ya Mawasiliano ianze kuandika kanuni sasa: bamba likiwekwa kwenye jengo la kupangisha, lisiharibu huduma ya kampuni yoyote, na mwenye jengo asiuze ukuta huo kwa kampuni moja pekee. Mpangaji naye apewe pa kulalamika, na pasiwe kwa keateka.