Si nyumba ndogo, ni mguu wangu wa kulia

Mwezi huu sina kisa cha jirani wala cha rafiki wa rafiki. Nina changu mwenyewe, na nakuomba usinicheke kabla hujafika mwisho. Huenda yanakuhusu, hasa kama pale nje umepaki mkoko wa kispoti ambao ukiupita lazima ugeuke kuutazama mara ya pili.

Mimi Jumatatu mpaka Ijumaa ni mtu wa Mbeya mjini. Mai waifu wangu ni muuguzi, kazi yake iko Igamba, wilayani Mbozi, mkoa wa Songwe, na huko huko ndiko tulikoanza kujenga. Kila Ijumaa jioni nafunga ofisi, nashika barabara ya Tunduma. Napita Mbalizi, naupanda mlima Senjele, nikifika Mlowo naiacha barabara kuu naelekea Igamba kwa watu wangu. Jumapili jioni nageuza. Wapenzi wengi wa siku hizi wanaishi hivi hivi, kazi huku, moyo kule, na katikati kuna tenki la mafuta.

Gari lenyewe ni Toyota Altezza RS200. Wanaoijua wanaijua. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 1998 na ikatwaa tuzo ya gari bora la mwaka nchini humo. Injini ni ya cc 1998, silinda nne, na ile ya gia za mkono ina nguvu za farasi 210, zote zinasukuma matairi ya nyuma. Dashibodi yake imechorwa kama saa ya mkononi ya bei mbaya. Langu ni kuukuu, nimelinunua kwa mtu, lakini likiunguruma roho inasuuzika.

Sasa sikia. Mwaka jana, msimu wa kuvuna kahawa, Jumamosi moja baada ya chakula cha usiku, mwenzangu alifungua daftari la ujenzi. Ndani yake alikuwa amebandika risiti zangu zote za sheli. Mimi nilidhani tunaongelea mabati.

"Baba, kaa hapa," akaniambia. "Kila wiki unajaza lita 39. Kaka kule Tunduma ana Altezza kama yako, anatembea kilomita 10 mpaka 11 kwa lita. Nimepiga hesabu. Kuja huku na kurudi, pamoja na mizunguko yako yote ya mjini, haifiki hata lita 30. Hizi nyingine zinampeleka nani, wapi?"

Kha! Nilihisi jasho. Si kwamba nina nyumba ndogo, sina. Lakini mwanaume akiulizwa swali la namna ile hata kama ni malaika sauti inakwama. Nikamshika mkono, tukatoka nje na tochi, nikamwonyesha kihesabu cha kilomita. Nilikuwa na kawaida ya kukirudisha sifuri kila nikijaza. Kilisoma kilomita 290. Kazini, nyumbani, Igamba na kurudi, hesabu inafunga, hakuna kilomita ya mchepuko hata moja. Nikajiona mshindi.

Akakaa kimya kidogo, kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo hakuna safari nyingine."

"Hakuna, mama."

"Basi hizo lita 12 unaziunguza kwenye barabara hii hii ya kuja kwangu. Unaendeshaje?"

Hapo sikuwa na jibu, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Alipokuwa na ujauzito wa mtoto wetu wa kwanza nilimwahidi kwamba mambo ya kushindana barabarani basi. Ahadi ile nilishaivunja siku nyingi. Kila Ijumaa tulikuwa tunaondoka Mbeya washkaji watatu, mmoja na Subaru, mwingine na Mark X, na wa mwisho kufika Mlowo ndiye anayenunua nyama choma. Nikamwambia ukweli wote pale pale nje, tochi ikiwa bado inawaka.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanamke ningejua pa kumtafuta, tukagombana, yakaisha. Semi iliyokatika breki Senjele nitaitafuta wapi?"

Mpenzi msomaji, yeye ni muuguzi. Majeruhi wa barabara anawajua kwa macho yake, mimi nawasikia redioni.

Kesho yake tulikubaliana tupime. Njia ni rahisi, na nyinyi mnaweza kuifanya. Jaza tenki mpaka mpira wa pampu ujikate wenyewe, rudisha kihesabu sifuri, endesha wiki nzima, kisha rudi kwenye pampu ile ile ujaze tena mpaka ujikate. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Usiusikilize mshale wa mafuta, ule unabembeleza tu. Wiki ile ya kwanza niliendesha kama kawaida yangu, ila bila mashindano. Jumamosi alikaa pembeni yangu mpaka Mbeya na kurudi, na kila nilipokanyaga breki kwa nguvu alichora mstari kwenye daftari. Tuliporudi Igamba mistari ilikuwa 41.

Ile mistari 41 ndiyo iliyonifundisha. Gari likiwa kwenye mwendo lina nguvu ndani yake, na nguvu ile imenunuliwa sheli. Ukikanyaga breki, yote inageuka joto kwenye diski na pedi, inapotea hewani. Halafu unakanyaga mafuta uinunue upya. Na bei yake haipandi sawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ile inaongezeka mara nne. Mimi nilikuwa nafukuza mpaka nyuma ya semi la kwenda Zambia, nabana breki, nachungulia, narudi gia ya tatu, naovateki mshale wa mizunguko ukielekea juu kabisa, halafu mbele kidogo kijiji, 50, tochi ya trafiki, breki tena. Ukiangalia saa, dakika nilizookoa hazitoshi hata kunywa soda.

Kitu cha pili ni upepo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 120, nguvu ya upepo inayokurudisha nyuma inakuwa zaidi ya mara mbili. Injini haina ujanja, lazima ilipe, na inalipa kwa petroli. Altezza iko chini na ina umbo la kuchana upepo, lakini sheria ile haimwachi mtu. Wizara ya Nishati ya Marekani imekuwa ikiwaeleza madereva wa kwao kwamba kuendesha kwa pupa, yaani mbio, kukurupuka na kubana breki, kunaweza kupunguza kilomita unazopata kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 kwenye foleni za mjini. Mimi nilikuwa humo humo, tena mstari wa mbele.

Magari haya ya kispoti yana mtihani wake. Injini yake inatamu ikizunguka sana, ekzosi inakusifia, na ukiwa na abiria mrembo ndiyo kabisa. Lakini injini ile ile ukiipandishia gia mapema, ukaacha izunguke taratibu kwenye gia ya tano au ya sita, inakunywa kwa adabu. Farasi 210 hawali majani mengi wakiwa wanatembea. Wanakula wakikimbizwa.

Kuna jambo moja lilinishangaza. Nilikuwa naamini kwamba nikishuka Senjele kuelekea Songwe, nikitoa gia nikaliacha gari lijiendee, naokoa mafuta. Kumbe sivyo. Gari la kisasa lenye kompyuta ya kupulizia mafuta, ukiachia pedali likiwa ndani ya gia, kwenye mteremko kompyuta inakata mafuta kabisa, matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, lazima linywe ili lisizime. Juu ya hapo umeikosa injini ya kukushikia mwendo, breki peke yake ndiyo inabeba mlima mzima, na zikipata moto sana zinalegea. Kwa hiyo nilikuwa nalipa ili niwe hatarini. Sasa nashuka na gia, tena gia ndogo.

Mengine ni madogo ila yanajumlika. Upepo wa matairi napima kila wiki mbili, tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva, si kwa kulipiga teke. Mizigo isiyo na kazi imetoka kwenye buti, pamoja na spika kubwa ambayo mai waifu alikuwa anaiita mke mwenza. Foleni ikisimama kweli kweli, kama zile za malori ya Tunduma siku mpaka ukielemewa, nazima injini. Mashine ya lita mbili ikiunguruma bure inaweza kumaliza nusu lita mpaka lita nzima kwa saa, na hujasogea hata hatua. Na asubuhi za baridi ya Mbozi siliachi tena linguruume robo saa eti lipate moto. Naondoka baada ya muda mfupi, naliendesha polepole mpaka lipate moto lenyewe.

Je, matokeo? Wiki ya kwanza, ile ya mistari 41, tulipata kilomita 8.3 kwa lita. Kule kuacha mashindano peke yake kulikuwa kumeokoa lita nne. Wiki ya nne, kwa kilomita zile zile 290, ziliingia lita 27. Hiyo ni kilomita 10.7 kwa lita, sawa na shemeji yangu wa Tunduma, ambaye sasa ananiita mwanafunzi. Lita 12 kwa wiki ni zaidi ya lita 600 kwa mwaka. Angalia bei kikomo ya EWURA, ile inayotoka kila mwezi, upige hesabu yako. Sisi tulipiga kwa mabati, na vyumba viwili vya nyumba yetu ya Igamba vimeezekwa kwa mguu wangu wa kulia. Muda wa safari? Nachelewa kama robo saa. Anajua nimo njiani, haangalii saa.

Lakini nisikudanganye kwamba nimekuwa mtakatifu. Kuna wiki moja mwezi wa kumi na moja tenki lilikula lita 36. Mshkaji wa Subaru alinipita pale Nanyala akanipigia honi, na mimi nikasahau nina mtoto. Niliporudi sheli nilifikiria kuitupa ile risiti. Nikaiweka mfukoni. Jumamosi niliitoa mwenyewe mezani kabla sijaulizwa, nikasema, "Mama, wiki hii nimekosea." Aliibandika kwenye daftari bila neno, akanipakulia chakula. Usiku ndiyo akasema, "Ahsante kwa kunionyesha." Nakuambia, lita zile zimeniuma kuliko zote nilizowahi kununua.

Basi mpenzi msomaji, kama mwenzako anakuuliza mafuta yanaenda wapi, usikimbilie kununa kwamba anakuchunga. Chukueni daftari, mjaze tenki, mpime wiki nne. Na wewe dada unayehisi kuna nyumba ndogo, kabla hujafunga mizigo angalia kwanza kihesabu cha kilomita, halafu omba ukae kiti cha mbele safari moja tu. Utajua mengi.

Tukutane mwezi ujao, na uendeshe taratibu. Kuna mtu anakusubiri.