Nyumba yangu, ardhi ya mwingine: vijiji vilivyogeuka mitaa ya Mombasa

Ukitaka kujua kisiwa hiki kilikuwaje kabla ya lami, sikiliza makanga wa matatu wakiita vituo. Mwembe Tayari. Mwembe Kuku. Bondeni. Ni majina ya miti na ya mabonde. Waliyoyatoa walikuwa watu wa shamba, na shamba lao ndilo tulilolijengea maduka, gereji na misikiti. Miti imekwisha, lakini mpango wa ardhi wa enzi ya miti bado upo. Huo ndio unaowatoa watu majumbani leo, na ajabu ni kwamba kwenye mikutano ya wananchi hautajwi kabisa.

Kisiwa cha Mvita hakikuwahi kuwa na mji mmoja uliokaa pahali pamoja. Wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya makazi ya tangu yapata karne ya 11 upande wa Hospitali Kuu ya Pwani na shule ya Allidina Visram, nje ya Mji wa Kale tunaoujua. Upande wa magharibi palikuwa na mji wa Wakilindini, mojawapo ya Thalatha Taifa. Waliuhama wakaja kukaa upande wa pili wa kisiwa, na kilichobaki huko ni mnara wa Mbaraki. Kisha reli ikaanza kujengwa mwaka 1896, meli kubwa zikahitaji kina cha maji cha Kilindini, na upande uliokuwa umeachwa ukawa ndio wenye ajira. Bandari ya majahazi ya Mji wa Kale ikabaki na papa, ng'onda na kumbukumbu.

Baina ya bandari hizo mbili ndipo palipokuwa mashamba, na hapo ndipo kisa chetu kilipo.

Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi ya pwani wayawasilishe yaandikwe. Isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Aliyekuwa na karatasi, wakili au jamaa anayejua ofisi alipata hati. Aliyelima tu, au aliyeingia kwa ruhusa ya mdomo ya mzee, hakupata kitu. Wafanyakazi wa bandarini na relini walipoongezeka, wenye hati waliona ni rahisi kukata shamba vipande na kukodisha kila kimoja kwa mwezi kuliko kuangua nazi. Mpangaji wa kiwanja akajijengea nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba sita, ua nyuma. Chumba kimoja chake, vilivyobaki vya wapangaji. Majengo na mitaa jirani ilijaa hivyo.

Ndiyo hii tunayoiita nyumba bila ardhi. Kwa desturi ya pwani, na hata kwa fikihi, si ajabu mnazi kuwa wa huyu na udongo wa yule. Sheria ya Kiingereza tuliyorithi ina mazoea mengine: kilichoshikamana na ardhi hufuata ardhi. Maadamu kiwanja kilikuwa na thamani ndogo, tofauti hiyo haikumkera mtu. Mwenye ardhi alipokea kodi yake, mwenye nyumba akaoza mabinti na kuzika wazee humo humo.

Sasa kaunti ina watu 1,208,333 kwa hesabu ya 2019, na kisiwa hakiongezeki hata shubiri moja. Warithi wa mwenye ardhi, wengine hawajapata hata kukaa Mombasa, huuza. Mnunuzi anataka ghorofa nane. Mwenye nyumba hupewa notisi.

Watu husema mitaa hii imechakaa kwa sababu wenyeji hawajali. Maneno haya hunichosha. Benki haikopeshi kwa nyumba isiyo na hati ya ardhi. Mwenye ardhi, mara nyingi, hakutaka ijengwe kwa mawe ya kudumu, ili mtu asije akajiona amefika. Nani atamwaga saruji pahali anapoweza kuambiwa ahame? Basi inabaki udongo, boriti na mabati yenye kutu. Halafu afisa anapita na kuandika kwamba mtaa ni duni, unahitaji kuboreshwa.

Mji wa Kale una ugonjwa wa kinyume. Huko ardhi ina hati au ni wakfu, na eneo zima limelindwa kama turathi, kwa hiyo ghorofa refu si rahisi kupitishwa. Lakini nyumba moja ina warithi ishirini, mmoja Nyali, mwengine Muscat, na dari linaanguka wakisubiriana.

Mara nyingi tunaambiwa tuangalie Likoni, ambako mwaka 2016 serikali ilinunua shamba la Waitiki na kugawa hati kwa wakaazi. Hilo lilikuwa shamba moja, mwenye shamba mmoja, na maelfu ya kura pamoja. Kisiwani viwanja ni vidogo na wenye ardhi ni wengi. Notisi huja nyumba moja moja, Jumatatu kwa fulani, mwezi ujao kwa jirani yake. Hakuna umati wa kumfanya mwanasiasa aje na kipaza sauti.

Serikali ya kaunti inaweza kufanya jambo bila kusubiri Nairobi: kuandikisha nyumba zote zisizo na ardhi kisiwani, na kabla ya kupitisha ramani ya jengo jipya, imtake mwenye mradi aonyeshe amelipana vipi na mwenye nyumba iliyopo. Walipane kwa thamani ya nyumba na kodi inayoingiza, si kwa bei ya mabati makuukuu. Mwenye nyumba pia apewe nafasi ya kwanza ya kununua kiwanja kinapouzwa; wakijumuika majirani watatu wanne, wengine wataweza.

Kwa sasa, mwenye nyumba aziweke risiti zake za kodi ya kiwanja pahali pakavu, zile za babu pamoja nazo. Kwa familia nyingi za Majengo hiyo ndiyo karatasi pekee iliyopo.