Hesabu Viungo Kabla ya Kwenda kwa Fundi

Wahenga walituusia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Juma hili tuutumie wosia huo kwa kompyuta iliyo sebuleni mwako.

Miaka michache iliyopita nilipeleka yangu kwa fundi ibadilishwe feni. Ilirudi ikijikokota kama kobe. Mwanangu alipoichunguza alikuta remu ya gigabaiti 4, akaapa kwamba awali ilikuwa 8. Nilimwendea fundi nimefura kwa hasira. Akaniuliza swali moja tu: "Mzee, ushahidi uko wapi?" Sikuwa nao. Hadi leo sijui kama niliibiwa au ni mwanangu aliyekosea.

Tangu siku hiyo kompyuta yetu hujihesabu viungo yenyewe. Jambo hili si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mfumo wa Red Hat Linux ulikuwa na programu iitwayo Kudzu. Kompyuta ilipowashwa, Kudzu ililinganisha vifaa vilivyomo na orodha iliyohifadhiwa, kisha ikaarifu ni kipi kimeongezwa au kuondolewa.

Kwa Windows, mwombe kijana anayezifahamu amri za PowerShell akuandikie chache katika faili moja. Ziulize ukubwa wa kila kipande cha remu, ukubwa wa diski, na nambari vilivyopewa kiwandani. Kisha programu ya Task Scheduler iagizwe kuiendesha faili hiyo kila mtu anapoingia kwenye kompyuta. Orodha mpya ilinganishwe na ya kwanza. Zikitofautiana, onyo litokee kwenye skrini.

Lakini tahadhari. Usitie flashi katika orodha, kwani huchomekwa na kuchomolewa kila mara, na onyo likizidi hupuuzwa. Remu nyingine hazina nambari; hizo ziandikwe ukubwa na jina la mtengenezaji. La muhimu zaidi, shahidi huyu anaishi ndani ya diski. Diski ikibadilishwa, naye ameondoka! Kwa hivyo ichapishe orodha kwenye karatasi, na fundi aitie sahihi kabla hujamwachia mashine.

Fundi mwaminifu hataudhika. Karatasi hiyo inamkinga yeye pia dhidi ya wazee wenye hasira kama mimi.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.