Mgeni njoo, mwenyeji apone: je, wa Benidorm wamepona?

Julai 2024 picha moja ilizunguka sana kwenye simu zetu: waandamanaji wa Barcelona wakiwarushia maji watalii waliokaa mikahawani, kwa bastola za kuchezea watoto. Barazani wengi tulicheka. Sisi huku tunaomba dua msimu ujae, wenzetu wanamfukuza mteja! Juni 2025 maandamano yakarudi, siku moja Barcelona na Palma, hata Lisbon na Venice.

Watu hawa hawajapandwa na wazimu. Mwaka 2024 Uhispania ilipokea watalii wa kigeni karibu milioni 94, na nchi yenyewe ina watu kama milioni 49. Pesa ziliingia, hilo hakuna anayebisha. Wanachouliza ni zimeingia mfuko wa nani, na wao walale wapi. Ili tulielewe swali lao, heri tuuache mji mkubwa wa Barcelona tutazame Benidorm, mji wa pwani katika mkoa wa Alicante ambao umekula na kuvaa kwa utalii kwa miaka 70 hivi.

Jina lenyewe lina mengi. "Beni" ni lile "Bani" la Kiarabu, wana wa fulani. Ni alama ya Waislamu walioishi pwani ile, ambao kizazi chao cha mwisho kilifukuzwa na Mfalme Felipe wa Tatu kuanzia mwaka 1609. Waliobaki na waliohamia walisifika kwa uvuvi wa jodari. Walitega kwa almadraba, nyavu kubwa zinazopangwa baharini mithili ya uzio wetu, na nahodha wake akiitwa arráez. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na hilo la pili ni "rais" huyuhuyu tunayemjua. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu wasiofika 3,000. Uvuvi ule ulikuwa umedhoofika, na vijana wengi wakatafuta riziki melini. Hadithi hiyo haitushangazi sisi.

Meya wao, Pedro Zaragoza, aliona kwamba kilichobaki ni jua na mchanga. Mwaka 1956 mji ukapitisha mpango wa ujenzi, barabara na viwanja vikapimwa kabla ya wageni kufika. Mwaka 1963 mpango ukarekebishwa, ikaruhusiwa kujenga kwenda juu. Leo hoteli ya Gran Hotel Bali ina kimo cha mita 186. Wako wanaosema mji huo ni msitu wa saruji, na macho yana haki yao. Lakini wageni wengi wamewekwa kwenye ardhi ndogo, wanafika baharini kwa miguu, na milima ya nyuma haikumezwa yote na majumba. Ufuo nao haukuwa wa hoteli. Sheria ya Uhispania ya mwaka 1988 inautambua kuwa mali ya umma, na ajuza wa Benidorm huweka kiti chake mchangani mbele ya hoteli yoyote.

Jambo la pili waliloliweza ni msimu. Tangu mwaka 1985 serikali yao, kupitia shirika liitwalo Imserso, huwapeleka wastaafu likizo kwa bei nafuu wakati wa baridi, vyumba vinapokuwa vitupu. Kwa hiyo hoteli nyingi hazina haja ya kufunga. Huku kwetu mvua za masika zikianza, mfanyakazi huambiwa aende nyumbani asubiri kuitwa.

La tatu ni maji. Mwaka 1978 ukame uliubana mji hadi maji yakaletwa kwa meli. Funzo lilikuwa chungu. Miji ya eneo lile na wakulima wakashikana kwenye ushirika wa maji: mkulima anaiachia miji maji safi, na miji inampa maji taka yaliyosafishwa ya kumwagilia mashamba yake, huku gharama ikibebwa na upande wa miji. Sisi tunaokunywa maji ya Mzima na Baricho tujiulize wanaoishi karibu na vyanzo hivyo wanapata nini badala yake.

Mpaka hapo mtu atasema Benidorm wamepona. Hebu tungoje. Taasisi ya takwimu ya Uhispania, INE, imekuwa ikiuweka mji huu mara kwa mara karibu na mkia kwa mapato ya wakazi, ukilinganishwa na miji mingine mikubwa ya nchi hiyo. Mji unaojaza hoteli karibu mwaka mzima, wenye wakazi zaidi ya 70,000, wakazi wake ni miongoni mwa wenye kipato cha chini! Kazi za utalii nyingi ni za mshahara mdogo, na faida kubwa hupanda ndege kama ilivyokuja.

Waulizeni wanawake wanaotandika vitanda. Huko wanajiita "las Kellys", yaani wale wanaosafisha, na wameandamana miaka mingi. Mabadiliko ya sheria ya kazi ya mwaka 2012 yaliwafungulia waajiri mlango. Hoteli zikawatoa wasafishaji mikononi mwao na kuwapa makampuni ya nje, na wengine wakawa wanalipwa kwa hesabu ya vyumba. Mgongo unauma, vyumba vinaongezeka, mshahara unashuka. Mwisho wa mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili mshahara wa mapatano ya sekta usipunguzwe na kampuni moja moja. Ilichukua karibu miaka kumi.

Kisha limekuja la nyumba, na hili ndilo lililowatoa watu barabarani. Mwenye fleti akiona mgeni wa wiki moja analipa kama mpangaji wa mwezi, mpangaji ataondoka. Ibiza kuna wafanyakazi wa msimu wanaolala kwenye magari na mahema. Barcelona imetangaza kwamba leseni za fleti za watalii, zaidi ya 10,000, hazitaongezwa muda zikimalizika Novemba 2028. Tangu Aprili 2025, mtu nchini humo akitaka kugeuza fleti yake kuwa ya watalii, sharti akubaliwe na majirani wa jengo kwa kura tatu kati ya tano.

Nimeyaeleza haya kwa sababu moto huo uko mlangoni kwetu. Nyali, Bamburi na Diani nyumba za kulaza wageni kwa siku zinaongezeka, na Lamu nyumba za mawe za mababu zimeuzwa kwa wageni moja baada ya nyingine. Mimi si adui wa utalii. Jamaa zangu wamesomesha watoto kwa pesa yake, na ya halali. Lakini kwenye vikao vya kushirikisha umma tumezoea kuuliza swali moja tu, wageni watakuja wangapi?

Safari ijayo tukiitwa kikaoni, tuwaulize viongozi wa kaunti mengine. Njia za kwenda baharini zilizozibwa zitafunguliwa lini? Msafishaji wa chumba ameajiriwa na nani, na akiugua anamlilia nani? Jirani ana sauti gani nyumba ya pili ikigeuzwa nyumba ya wageni? Na kijana anayeoa mwaka huu, atapanga wapi? Wa Benidorm walipanga barabara, maji na msimu mapema, wakafaidika. Mshahara na nyumba waliviacha kwa soko, na hadi leo wanavipigania. Sisi bado tuna nafasi ya kuvitaja vyote pamoja.