Ukilala kwenye gari kando ya ziwa, choo chako kiko wapi?

Kila likizo inapokaribia, wasomaji huniuliza swali linalofanana: “Daktari, tunataka kusafiri na gari letu na kulala humo humo. Tubebe dawa gani?” Wapo wenye magari makubwa yaliyofungwa hema juu. Wapo pia walioondoa viti vya Hiace, wakaweka godoro, mtungi mdogo wa gesi na dumu la maji. Ni utalii wa bei nafuu na familia hukaa pamoja. Ninauunga mkono.

Huko pwani ya Hispania, wasafiri wa namna hii hutumia magari yenye jiko, choo na tangi la maji, na zipo sehemu maalumu za kuegesha ambako mtu hujaza maji safi na kumwaga maji taka. Hapa kwetu magari tunayo, lakini sehemu hizo ni nadra. Basi kila msafiri hujitafutia mwenyewe pa kuoga na pa kujisaidia. Tatizo la afya huanzia hapo.

Mwaka jana mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tulisafiri hivyo kutoka Mwanza hadi Musoma. Usiku wa kwanza tulilala Bunda, ndani ya uzio wa nyumba ya wageni. Tulilipia bafu na choo, tukapika nje ya gari, tukalala ndani ya chandarua. Kesho yake tulikwenda Butiama, watoto wakaona makumbusho na kaburi la Mwalimu Nyerere. Jioni tukafika Musoma, tukaegesha karibu na ufukwe wenye yale mawe makubwa. Upepo ulikuwa mzuri na sato alikuwa mbichi. Hatukuona sababu ya kutafuta nyumba ya wageni.

Watoto walishuka na sabuni mkononi wakikimbilia majini. Niliwarudisha kwa ukali. Mimi nimekulia mkoa huu, na nilitibiwa kichocho nikiwa sekondari. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa alinitazama. Nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu,” akasema. “Umefanya vizuri kuwakataza. Na choo chenu kiko wapi? Wageni wa magari hulala hapa, alfajiri wanakwenda nyuma ya yale mawe. Mvua ikinyesha, yote yanashuka humu tunamochota maji.”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepanga dawa, maji ya kunywa na vyandarua. Choo sikukipanga, na ni mimi daktari.

Ndugu msomaji, swali la mama yule lina uzito kuliko orodha ya dawa uliyotaka nikuandikie. Kichocho kinachosumbua zaidi kandokando ya Ziwa Victoria ni kile cha tumbo. Mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha mtu aliyeambukizwa. Yakifika majini huanguliwa, vijidudu vikaingia ndani ya konokono wadogo wa majini na kuzaliana. Baadaye hutoka mabuu wasioonekana kwa macho, ambao hupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayechota maji. Humalizi hata dakika chache majini kabla hawajaanza kupenya. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea.

Siku hiyo huenda usihisi kitu, au ngozi ikawasha kidogo. Wiki kadhaa baadaye unaweza kupata homa, kikohozi na uchovu, ukadhani ni malaria. Kwa anayeambukizwa mara kwa mara bila tiba, miaka ikipita ini hupata makovu, bandama huvimba, na mishipa ya damu kwenye koo la chakula inaweza kupasuka, mgonjwa akatapika damu. Mgeni huoga mara moja, akaondoka. Mtoto wa mwalo hukanyaga maji hayo kila siku.

Wala usidhani ni ugonjwa wa maskini peke yao. Mwaka 2014 madaktari wa Ulaya waligundua kichocho kwa watu waliokuwa wameogelea katika mto Cavu, kisiwani Corsica, Ufaransa. Miongoni mwao walikuwamo watalii waliokwenda likizo tu. Mtu aliyeambukizwa akichafua maji yenye konokono wanaofaa, ugonjwa hupata makao mapya.

Kwa hiyo msafiri wa gari anaweza kuwa mgonjwa, na anaweza pia kuwa chanzo. Mambo haya yazingatie kabla hujawasha gari.

Kwanza, panga vituo vyako kwa kufuata vyoo, si kwa kufuata mandhari. Egesha usiku penye choo, hata kwa kulipia. Beba ndoo yenye mfuniko na majivu au maranda ya mbao kwa dharura, uimwage kwenye choo cha shimo. Ukilazimika porini, beba jembe dogo, chimba na ufukie, mbali na maji angalau hatua mia moja.

Pili, oga kwa maji ya bomba au kisima salama. Kama maji uliyonayo ni ya ziwani, yachemshe. Vinginevyo, yaache siku mbili kamili katika dumu safi lililofunikwa, lisilo na konokono. Mabuu wa kichocho hawaishi muda huo bila kumpata mtu wa kumpenya. Lakini hayo ni ya kuoga tu. Ya kunywa lazima yachemshwe au yatiwe dawa, kwa kuwa kusubiri hakuondoi vimelea vya kipindupindu wala homa ya matumbo.

Tatu, ukigusa maji ya ziwa, usikimbilie kumeza dawa siku hiyo hiyo. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa; michanga huponyoka. Nenda kituo cha afya wiki sita hadi nane baadaye, mweleze mhudumu kwamba uliingia ziwani, upimwe na upewe dozi kulingana na uzito wako. Ukipata homa kabla ya hapo, nenda mara moja.

Nne, jiko la mkaa libaki nje usiku kucha, hata kama kuna baridi au mvua. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, na ndani ya gari lililofungwa huua watu usingizini.

Kwa viongozi wa maeneo yenye fukwe ninasema hivi: tukitaka wageni, tuwajengee choo na bafu kabla ya kuwatoza ada ya kuegesha. Mwaka 1973, katika uongozi wa Mwalimu, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujifunza, wakarudi vijijini kuchimba vyoo. Watoto wetu hugawiwa dawa za kichocho shuleni, na ni jambo jema. Lakini dawa hiyo haizuii maambukizi mapya. Anayeimeza asubuhi na kurudi jioni kwenye maji yale yale, tumemtibu nusu.

Usiku ule tulihamisha gari, tukalipia nyumba ya wageni mjini. Asubuhi nilirudi kununua dagaa kwa mama yule, nikamwambia tulikolala. Akaniongezea kikombe kimoja juu.