Ukurasa wa Motokaa: Kuteremsha Fremu ya Mbele

Katika motokaa nyingi zinazovutwa kwa magurudumu ya mbele, chini ya injini pana fremu ndogo ya chuma iliyokazwa mwilini kwa bolti chache. Hiyo hushika mikono ya chini ya magurudumu na mtambo wa steringi, na mara nyingi hubeba pia sehemu ya uzito wa injini. Mini iliyotoka Uingereza mwaka 1959, kazi ya Alec Issigonis, ilikuwa na fremu mbili za namna hii, moja mbele na moja nyuma. Fundi huiteremsha ikiwa imeliwa na kutu, au ili apate njia ya kutoa steringi au giaboksi.

Bolti hizo zaonekana kama bolti nyingine yoyote, na hapo ndipo hatari ilipo. Yafaa mtu aliyelala chini ajue kwamba ana mizigo mitatu juu ya kifua chake, yaani gari, injini na fremu yenyewe, na kila mmoja wataka tegemeo lake. Gari likae juu ya stendi za chuma, mahali palipoonyeshwa katika kitabu chake, wala zisiwekwe kamwe chini ya fremu itakayotolewa. Sakafu iwe ya saruji, maana katika udongo stendi huzama upande mmoja. Matofali na mawe, tunayoyaona kila siku kando ya barabara, hayafai hata kidogo: hupasuka ghafula bila kuonya. Injini nayo ining'inizwe kutoka juu, kwa mnyororo na boriti ya chuma iliyolazwa juu ya kingo imara za pande mbili. Fremu ikingwe kwa jeki ya magurudumu yenye ubao juu yake.

Kabla ya kulegeza kitu, toa waya wa hasi wa betri, nyoosha magurudumu yatazame mbele, kisha funga usukani na kuondoa ufunguo. Shafti ya usukani ikiachwa izunguke ovyo baada ya kutengwa, utepe wa nyaya za mfuko wa hewa hukatika, na mfuko huo waweza kukosa kufumuka siku ya ajali. Tia alama ya rangi kwenye shafti na kiungo chake, na nyingine pale fremu inapogusa mwili wa gari. Tenga boljointi, na mabomba ya mafuta ya steringi yakiwapo. Teremsha jeki kiasi cha upana wa kiganja, uchungulie kama kuna waya uliosahauliwa, ndipo uendelee.

Katika kurudisha, alama zile za rangi ndizo kiongozi wako. Anza bolti zote kwa vidole. Ile inayokataa isilazimishwe kwa spana, kwani huenda fremu haijakaa sawa. Kitabu kikisema bolti zibadilishwe, nunua mpya. Kukaza ni kwa spana yenye kipimo, wala si kwa nguvu za mkono, ingawa mafundi wengi hodari watabisha. Bolti zipitazo ndani ya bushi za mpira zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hubaki umesokotwa na kuraruka upesi.

Halafu gari lipelekwe kupimwa mwelekeo wa magurudumu. Usukani ukikaa mshazari, usiuchomoe na kuurudisha upya ili upendeze tu, bali kagua kwanza mkao wa fremu. Na ukisikia kishindo chini ya miguu unaposhika breki, simama papo hapo, wala usiliendeshe tena mpaka kila bolti imekaguliwa.