Mtoto Asipelekwe Kuokota Bahati Machimboni

Kumchukua mtoto mdogo kwenda porini kutafuta vijiwe vya rangi na manyoya ya ndege ni jambo jema. Mtoto hujifunza kutazama, na baba humjua mwanawe. Wala sisi wa Shinyanga hatuwezi kuudharau utafutaji, kwani almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5!

Lakini upo utafutaji mwingine uliovikwa jina la mchezo. Huko Geita na Kahama mtoto hupewa beseni akaokote mawe yenye dhahabu, na akipata huahidiwa soda. Mawe husagwa, unga wake huoshwa na kuchanganywa na zebaki kwa mikono mitupu, kisha donge huchomwa motoni, pengine uani karibu na jiko la chakula. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, nao huharibu ubongo. Mtoto ambaye ubongo wake ungali unakua ndiye aumiaye zaidi.

Mzazi atasema ni njaa. Twalijua hilo, na ufukara si kosa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza watoto kufanya kazi za migodini, ila askari hawezi kusimama katika kila ua. Sisi tunaosali safu moja twaweza. Mwenye karasha amrudishe mtoto nyumbani. Mnunuzi wa dhahabu aulize ilichomwa wapi. Na baba aliyezoea kutoka na mwanawe, ampeleke kwenye miamba isiyo na mashimo, wakaokote vijiwe visivyo na bei.